Papa Protokole na Mkono Uliopona Mapema

Katika kanisa letu la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hakuna mgeni aliyewahi kukosa kujua thamani yake. Papa Protokole alimpokea mlangoni, akamtazama viatu, kisha uso, kisha viatu tena, na kabla mgeni hajamaliza kusema Bwana asifiwe, mkono wa kuume wa mzee ulikuwa umeshainuka ndani ya glavu nyeupe, vidole vimeungana, kiganja kimegeuka juu taratibu kuelekea benchi analostahili. Wenye suti walikwenda mbele. Wenye suti iliyopauka walikwenda mbele pia, lakini pembeni, karibu na nguzo. Sisi mafundi wa cherehani tulikaa safu ya tano. Nakiri kwamba siku nilipopandishwa ya nne, baada ya kumshonea mke wa mchungaji gauni la Pasaka, nilitembea wiki nzima nimenyoosha shingo.

Protokole ni kazi tuliyotoka nayo Kongo pamoja na masufuria. Ni mtu wa kupokea wageni kanisani na kuwapangia viti kwa heshima zao, na kwa kuwa tulifika Malawi tukiwa hatuna kitu, heshima ndiyo mali iliyobaki ya kupangwa. Jina lake la kuzaliwa nililiona mara moja tu, kwenye karatasi ya hospitali, na lilinishangaza kama vile daktari ameandika habari za mtu mwingine.

Siku za kazi alikuwa mpiga pasi wangu. Mimi nilishona barazani, yeye alipiga pasi ya makaa kwenye meza iliyokuwa pembeni yangu, na mstari wa suruali aliyoipiga yeye ulikaa hadi suruali ichoke. Lakini hata pasi aliipiga kwa vyeo. Suruali ya mchungaji ilitangulia, hata kama mchungaji alisema ataichukua Ijumaa. Sare ya mtoto wa shule ilingoja mwisho, hata kama mtoto amesimama pale na kaptula ya ndani akiisubiri. Nilipomkemea alipuliza makaa na kunijibu jibu lake la siku zote: "Tufate programu, Mama Fundi."

Programu hiyo aliibeba kila mahali. Kwenye foleni ya chakula aliwapanga watu ambao walikuwa wamekwisha kujipanga. Msibani aliwahi kumhamisha mjane kutoka safu ya kwanza hadi ya pili, kwa sababu ujumbe wa kanisa mama ulikuwa umefika na wajumbe walikuwa saba. Mjane alinyanyuka na machozi yake akahama. Nilimchukia siku ile, na nilimwambia. Kesho yake nilimkuta kwa yule mjane, amekunja suruali hadi magoti, anamkandikia ukuta ulioanguka kwa mvua, na hakutaka mtu amshukuru kwa sababu, alisema, shukrani haikuwa kwenye ratiba. Ndivyo alivyokuwa. Nyumbani kwake alikuwa na kiti kimoja, na sikuwahi kumwona amekikalia. Kilikuwa cha wageni. Yeye alikalia dumu.

Sasa habari za mkono. Siku moja alipanda kabaza, baiskeli zetu za abiria, kuteremka sokoni. Kwa mbele ikaja kabaza nyingine imempakia mwinjilisti. Papa Protokole, akiwa amekaa nyuma ya baiskeli inayoteremka mlima, aliinua mikono yote miwili na kupaza sauti kumwamuru dereva wake ampishe mtumishi wa Mungu apite kwanza. Dereva akapisha, gurudumu likaingia shimoni, na mzee akatua chini kwa kiganja cha kuume. Mwinjilisti alipita bila kugeuka. Mkono ulipinda juu kidogo ya kifundo kama kijiko kilichokanyagwa, na mwenyewe akatuambia, uso umejaa vumbi, kwamba ameanguka kwa ajili ya heshima.

Lilongwe walimpasua, wakaunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, kisha wakaufunga mkono kwa gango. Mimi ndiye niliyekwenda naye, kwa kuwa Kichewa nilikipata kwa kuuza sare Kauma na Area 18, mitaa ya Lilongwe, na yeye Kichewa chake kilikuwa zikomo, yaani asante, peke yake, ambayo aliitumia kwa kusalimu, kuomba na kukataa. Watu wa kanisa walipokuja kumtazama wodini, aliwapanga kwa mkono wa kushoto kuzunguka kitanda. Shemasi alikaa kichwani. Mimi niliyemvua viatu na kumlisha uji nilisimama miguuni, karibu na ndoo.

Kisha akaja daktari wa mazoezi, binti mdogo wa Kimalawi mwenye sauti ya chini. Alitueleza mambo taratibu nami nikayatafsiri neno kwa neno. Vidole vianze leo, vikunjwe na kunyooshwa. Gango likitolewa, kifundo kianze kazi yake: kwenda juu, kwenda chini, kushoto na kulia, kisha kiganja kigeuke kitazame mbingu, kigeuke tena kitazame ardhi. Maji ya uvuguvugu kwanza. Mwisho kukamua kitambaa ili nguvu irudi. Mara tano kila siku. Chuma kinashika mfupa, alisema, lakini chuma hakikunji kifundo. Kifundo kisipokunjwa miezi hii ya mwanzo kitaganda, na kikiganda hatapiga pasi tena.

Papa Protokole alisikiliza kwa makini sana. Halafu akaniomba nimwulize: katika hayo mazoezi, lipi ndilo lenye cheo, ili lianze? Binti alicheka, akasema aanze na vidole. Mzee aliridhika kabisa. Alikuwa amepewa programu.

Na niseme haki yake, mwanzoni aliifuata. Aliweka beseni barazani kwangu, akatumbukiza mkono, akahesabu kwa Kifaransa kwa sababu, alisema, maumivu yanaheshimu Kifaransa. Gango lilipotolewa, mkono ulikuwa umekonda, una kovu refu, lakini vidole vilikuwa vinafika kiganjani. Nilifurahi. Nilikuwa na mzigo wa sare za kwaya na sikutaka mpiga pasi mwingine.

Ndipo ikafika Jumapili ya ushuhuda.

Kwetu, mtu akitoka hospitali husimama kabla ya sadaka na kushuhudia. Ushuhuda una sura yake, na hakuna aliyeijua kuliko yeye, maana ni yeye aliyewakatisha waliozidisha dakika. Ugonjwa unakuja, madaktari wanatikisa vichwa, maombi yanafanyika, mgonjwa anapona, ngoma. Hakuna mahali katika sura hiyo pa mtu kusema kwamba amepona theluthi moja na anaendelea na maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo Papa Protokole alisimama na kulieleza kanisa kwamba mkono ulivunjika vipande, madaktari wa Lilongwe wakashindwa, na sasa umepona. Madaktari hawakuwa wameshindwa. Nilikuwa nimekaa nje ya mlango wao, walimaliza kabla sijakamilisha kushona pindo la shuka. Lakini mzee aliinua mkono na kuupunga, ngoma zikapigwa, kina mama wakapiga vigelegele. Aliupunga kutoka begani. Kifundo hakikutikisika hata kidogo, na mimi mwenyewe nilipiga makofi.

Jumanne yake shemasi alipita barazani akakuta mkono uko ndani ya beseni. Alisimama akautazama kwa muda, kisha akasema kwa upole wa kutisha:

"Papa, we ulishuhudia. Sasa hii mazoezi ni ya nini? Uko nasahihisha kazi ya Mungu?"

Mzee aliutoa mkono, akasema alikuwa anaosha kitambaa cha pasi, na akayamwaga maji. Tangu siku hiyo beseni halikuonekana tena barazani.

Nilimwambia afanyie ndani. Akanikumbusha kwamba kufunga mlango mchana, kwa mtu wa kanisa anayeishi peke yake, kungeleta ushuhuda wa namna nyingine. Nilimwambia kuomba na kukunja mkono havigombani. Alinitazama kwa huruma. Nikifanya, alisema, ni kusema nilidanganya mbele ya madhabahu. Nisipofanya, mkono utasema wenyewe. Alichagua kungoja mkono useme, akitumaini utasema polepole.

Wakati huo pasi niliipiga mimi. Sina mkono wa pasi. Niliunguza sketi ya mwanakwaya, tundu la ukubwa wa jani, mahali ambapo hata bibi harusi hawezi kufunika kwa shada. Mzee alikaa pembeni akinielekeza nguo ipi itangulie. Alijaribu mara moja kuinua ile pasi, ikamponyoka ikamwaga makaa sakafuni, tukayakanyaga wawili. Nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Alikuwa mtu mzima asiye na mtoto wala mke, na kazi aliyoijua ilikuwa ndani ya kile kifundo.

Hospitali tulikwenda kama tulivyoandikiwa. Binti wa mazoezi alimwuliza kama anafanya. "Kila siku, mara tano," alijibu mzee bila kupepesa, nami nikageuka nikasema kwa Kichewa: kila siku, mara tano. Mimi, niliyekuwa nalitumia lile beseni kuloweka vitambaa. Binti alimpa vidole vyake viwili avibane, akangoja, akamwambia abane, mzee akasema anabana. Binti akanitazama. Mimi nikatazama picha ya mifupa ukutani. Mara ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na picha ya mifupa niliijua kwa moyo.

Kanisani mambo yaliharibika kwa namna ambayo hakuna aliyetazamia. Glavu ilificha kovu, haikuficha kuganda. Kiganja kilikataa kugeuka juu. Kila alipoinua mkono kuonyesha viti vya mbele, mkono uliinuka hadi kifuani, ukalegea, na vidole vikaelekea chini, kushoto, kwenye benchi la wapiga ngoma. Wenyeji tulijua viti vyetu, hatukuhitaji mkono. Lakini siku moja akaja askofu mgeni kutoka kanisa moja la Mtandire, suti ya bluu, viatu vinavyong'aa, ujumbe wa watu sita nyuma yake. Papa Protokole aliinama, akainua mkono kwa adabu yote ya maisha yake. Askofu aliutazama, akafuata vidole, akaenda kukaa kwenye benchi la wapiga ngoma, ubavuni mwa ngoma kubwa. Wajumbe sita wakamfuata mmoja mmoja. Wapiga ngoma wakasimama. Viti vya mbele, vilivyotandikwa vitambaa nilivyovishona mimi, vikabaki vitupu vinatutazama.

Mchungaji wetu alijaribu kumhamisha. Askofu alikataa, machozi yanamlenga. Alipopanda kuhubiri aliacha mahubiri aliyokuja nayo, akasema amezunguka makanisa mengi na hajawahi kuona linalomkalisha askofu mahali pa chini, na kwamba sisi wakimbizi tumemfundisha unyenyekevu. Alisema hivyo kwa zaidi ya saa nzima. Watu waliandika. Jumapili iliyofuata mchungaji mwenyewe akakaa karibu na ngoma, wazee wakagombania benchi lile, na watoto wa Sunday school wakajikuta viti vya mbele, wananing'iniza miguu. Kila mtu alimpongeza Papa Protokole kwa ufunuo. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi nikamwona amesimama mlangoni, jasho linamtiririka, anawatazama wale watoto kwenye viti vya wakubwa, na nikaacha kucheka. Kitu pekee alichokijua zaidi ya pasi kilikuwa kimeharibika mbele yake, na watu walikuwa wanamshangilia.

Safari iliyofuata ya hospitali, binti alipima kifundo kwa kile kipimo chake cha plastiki, akapima tena, akasema kimerudi nyuma kuliko mwezi uliopita. Akauliza kama kawaida: anafanya mazoezi? Nikafungua mdomo tayari kwa kila siku mara tano, maana nilishakuwa mtaalamu. Mzee akanigusa bega.

"Mama Fundi. Mwambie yenye iko kweli."

Nikamweleza binti. Ushuhuda, shemasi, beseni. Kichewa changu kilikuwa cha kuuzia sare, hakikuwa na maneno ya aibu, ikabidi niseme wazi kama mtoto. Nikaongeza kwamba na mimi nilikuwa namdanganya, kila mara, kwa kinywa changu mwenyewe.

Binti hakushangaa. Alisema baba yake ni mzee wa kanisa huko Area 18, na kwamba wengi wanaopona Jumapili huja kwake Jumatatu, isipokuwa wengine huchelewa kuja. Alisema muda uliopotea umepotea, hawezi kuahidi ni kiasi gani kitarudi, na sasa itauma zaidi kuliko ambavyo ingeuma mwanzo. Lakini mlango haujafungwa, kama ataanza leo na hataacha. Halafu akauliza kitu kimoja, nami nikakitafsiri: huko kanisani kwenu, ni nani aliyesema Mungu anachukia maji ya uvuguvugu? Mzee alifikiri kwa dhati, akasema hakuna aliyelisema hilo.

Tulirudi kwa minibasi. Njiani akaniambia Jumapili atasimama. Nikamwuliza atasema nini, akasema ile ile aliyosema kwa daktari. Nilimwomba afikiri vizuri. Nilijua kanisa letu, linasamehe wezi upesi kuliko linavyomsamehe aliyerudisha vigelegele alivyopigiwa.

Jumapili akasimama kabla ya sadaka. Alivua glavu kwanza, jambo lililochukua muda kwa sababu ya vidole, na watu wakaliona kovu kwa mara ya kwanza.

"Bandugu," alisema, "mi nilishuhudia mapema, mbele ya programu. Madaktari hawakushindwa, njo benyewe Mungu alituma. Mukono haiyapona. Mazoezi niliiacha juu nilisikia haya, na bageni betu nilibakalisha pa ngoma juu mukono iligoma. Kesho naanza tena, ku baraza ya Mama Fundi. Mwenye anataka kuona, akuje aone."

Hakuna ngoma iliyopigwa. Mtoto mmoja kwenye viti vya mbele alipiga makofi mawili akakanywa. Mchungaji alisema amina kwa sauti ya mtu aliyeambiwa paa linavuja, akaita sadaka. Wiki ile wazee walikaa, wakaamua Papa apumzike. Glavu akapewa kijana mwenye vifundo viwili vizima, na askofu wa Mtandire hakuandikiwa barua yoyote, kwa sababu unyenyekevu ulikuwa umeshazoeleka na hakuna aliyejua namna ya kuuondoa.

Beseni likarudi barazani. Aliuma meno, akahesabu kwa Kifaransa, akaugeuza mkono kwa kuusaidia na ule wa kushoto hadi macho yakamtoka. Siku nyingine alilia, na mimi nilizidisha kelele za cherehani ili asijue nimesikia. Shemasi alipita kwa siku kadhaa akilisalimu beseni badala ya mwenyewe. Kisha mama mmoja wa kwaya akaja kuuliza, kwa sauti ya chini, kama maji hayo yanafaa bega. Akaja mwingine na goti. Mzee aliwaambia waende hospitali kwanza, halafu akawapanga foleni.

Mimi nikaondoka kwa miezi mingi, nikakaa Kauma kumsaidia mdogo wangu aliyejifungua pacha. Cherehani nilikwenda nayo, pasi nilimwachia. Sikumwuliza mtu habari zake. Niliogopa jibu.

Nilirudi Jumapili, ibada imeshaanza. Yule kijana wa glavu alinielekeza safu ya nne, nikapita nikitafuta kichwa cha mzee huko nyuma. Nilimkuta safu ya sita, katikati ya kina mama wanaonyonyesha, mahali ambapo hakuna mtu angemkalisha. Amezeeka. Mahubiri yalikuwa yanaendelea, na yeye kiganja chake kilikuwa juu ya goti kinageuka, juu, chini, juu. Hakikufika mbali kama zamani. Kilipotazama juu kilisimama njiani, kimeinama kidogo, kikarudi. Nikakaa pembeni yake.

Tuliposalimiana baada ya baraka alinipa mkono wa kuume. Niliushika taratibu, kama nilivyozoea kuushika mwaka ule wote. Yeye hakuushika taratibu. Vidole vilijifunga, kidole gumba kikaja juu, kifundo kikakaza, na pete yangu ikaingia kwenye nyama hadi nikainua bega.

"Papa, unaniumiza," nilisema.

Hakuniachia. Aliitazama mikono yetu miwili, kisha akanitazama usoni.

"Sema tena, Mama Fundi."

"Unaniumiza sana," nikasema, na ilikuwa kweli.